Malalamiko Dhidi ya Dada Zilpah na Bunduki Aliyonichagulia

Sydenham, Durban
Mwezi wa Agosti

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Wawindaji wa Jumamosi,
Durban.

Papa Léonard, Mwenyekiti wetu,

YAH: OMBI LA KUMZUIA KATIBU ASIMSHAURI TENA MTU YEYOTE ANAYENUNUA BUNDUKI YA KWANZA

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe pamoja na Mama Élisabeth. Sisi huku hatujambo. Baridi imetushika lakini haijatushinda. Ni mimi Ruphin, fundi wa simu, yule ambaye kwa miaka mingi amefuatana nanyi porini kila kipindi cha baridi bila bunduki, akibeba maji, akichuna swala wa wenzake na kupewa shingo.

Kwa kawaida barua ya mwanachama hupitia kwa Katibu. Hii naileta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa Katibu ndiye ninayemlalamikia, na Katibu wetu hufungua barua haraka sana.

Utakumbuka kwamba baada ya uwindaji wa mwaka jana ulisimama mbele ya watu ukasema, "Ruphin amechuna vya kutosha. Sasa apate bunduki yake. Atafute ya kuanzia, ya swala, isiyomfilisi. Dada Zilpah atamsaidia kuchagua." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, maana sikujua ninachokipigia.

Katibu huyo, Dada Zilpah Otieno, ni Mkenya, anafundisha takwimu chuo kikuu, anakaa Morningside, na katika Umoja wetu hakuna anayemzidi kwa shabaha. Hayo siyapingi. Ninachopinga ni aliyonitendea tangu siku ile, na nitayaeleza kwa namba ili Kamati isipotee njia.

1. Aliniuliza ninataka kuua nini.

Papa, mimi nilikuwa nimeshachagua. Nilikuwa nimeiona bunduki kwenye mtandao, kaliba ya .375, nyeusi tii, na juu yake darubini nene kama chupa ya chai. Ndugu yetu Papy wa vipuri vya magari anayo ya namna hiyo, na kila anapoifyatua hata ndege wa shamba la jirani wanahama. Papy alikuwa ameniambia, "Mukubwa, bunduki ya mwanaume ni ile inasikika mpaka Pinetown." Niliona ni maneno ya busara.

Nikamwonyesha Dada Zilpah picha. Aliitazama kwa adabu, akaniuliza, "Unataka kuua nini na hii?"

Nikasema, swala.

"Swala ni mkubwa kama nini?"

Nikasema mimi humwona akiwa amekufa tu, na wakati huo huwa natazama kisu.

"Ni kama beberu aliyeshiba," akasema. "Hii bunduki ni ya nyati. Wewe una ugomvi na nyati?"

Mimi sina ugomvi na nyati. Sijawahi kukutana naye. Lakini naiuliza Kamati: ni haki kumuuliza mtu mzima swali ambalo jibu lake linamnyang'anya kitu alichokuwa akikiota?

2. Aliniambia ukweli kwa sauti ya chini.

Hili ndilo lililoniumiza zaidi, kwa hiyo naomba uvumilivu wako.

Kabla ya kununua chochote alisema tuende uwanja wa shabaha, nijaribu bunduki za wenzangu wakiwa wamesimama kando yangu, kama sheria inavyotaka. Papy akaja na ile yake. Nikalala chini, nikaiweka begani, nikafyatua. Kofia yangu ilianguka nyuma. Bega lilipigwa teke ambalo nilikuwa nalo wiki nzima, nikitengeneza simu za watu kwa mkono mmoja. Tulipokwenda kutazama, karatasi ya shabaha ilikuwa safi kama shuka iliyotoka kufuliwa. Risasi ilikwenda wapi, Mungu ndiye anajua.

Papy alifurahi sana. "Umesikia hiyo sauti?" akaniuliza.

Dada Zilpah alingoja mpaka Papy alipokwenda kwenye gari. Ndipo akachuchumaa karibu nami, akasema polepole, "Papa Ruphin, ulifumba macho kabla hujafyatua. Unaiogopa."

Angelisema kwa sauti ya juu ningekana. Ningeapa. Ningesema ni jua, ni vumbi, ni miwani. Lakini alilisema kwangu peke yangu, na mtu akikuambia jambo kwa namna hiyo, huna pa kukimbilia.

Wewe unajua tulikotoka, Papa. Kule Uvira, wakati wa vita, bunduki kwetu ilikuwa kitu kinachogonga mlango wa mtu. Hakikuja kuuliza habari. Mimi nilikuwa nimefikiri kwamba nikinunua iliyo kubwa kuliko zote, hofu itaona aibu, itaondoka yenyewe. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo, hata mke wangu Larissa.

Dada Zilpah hakunichimba. Alisema tu, "Hata mimi na hiyo kitu ya Papy ningefumba. Tafuta ile ambayo utaipiga macho wazi. Ukubwa utauongeza siku ingine kama bado utautaka." Akanipa bunduki yake, kaliba ya .243, nyepesi, imechakaa kidogo kwenye kitako. Akaniambia nivute pumzi, niitoe nusu, nisubiri.

Nikafyatua. Ilinigusa bega kama mtu anayekuuliza njia. Nikaona karatasi, nikaona tundu likitokea kwenye karatasi, mbele ya macho yangu mawili. Nikapiga tena, na tena. Matundu yalikuwa jirani, yanaweza kuombana chumvi.

Machozi yalinitoka kidogo. Safari hii lilikuwa vumbi kweli, na ninaomba Kamati isimsikilize shahidi mwingine juu ya hilo.

3. Alininunulisha bunduki ya mzee mwenye magoti mabaya.

Tulikwenda Queensburgh, kwenye duka la silaha la mzee mmoja wa Kihindi, mpole, mwenye kusikiliza kuliko kusema. Ukutani zilikuwepo bunduki mpya zinazong'aa, na bei zake zinang'aa vilevile. Dada Zilpah alizipita kama mtu anayepita wachuuzi barabarani. Akaenda kwenye kona ya zile zilizotumika, akaanza kuzifungua moja baada ya nyingine, akachungulia ndani ya mtutu, akavuta komeo mbele na nyuma akisikiliza.

Mwisho akanipa moja. Kaliba ya .243. Kitako cha mti, kina mikwaruzo kama dawati la shule. Muuzaji akasema ilikuwa ya mzee aliyeacha kuwinda kwa sababu ya magoti.

Nikamwambia Dada Zilpah kwa Kiswahili, ili muuzaji asikwazike, kwamba mimi ni fundi wa simu mwenye jina hapa mjini, siwezi kuonekana na kitu chenye mikwaruzo.

"Ni nani atakuona? Swala?" akauliza. "Fumba macho. Iweke begani. Sasa fungua."

Nikafungua. Jicho lilikuwa katikati kabisa, bila mimi kusogeza shingo. Iliniingia kama kiatu cha zamani.

Kisha akaanza kunigawia fedha zangu mwenyewe. Bunduki isile kila kitu, alisema. Iliyobaki ninunue darubini ndogo lakini nzuri, kwa sababu darubini mbaya juu ya bunduki nzuri ni kama dereva kipofu. Ninunue sefu imara. Na risasi nyingi za mazoezi, za aina inayopatikana katika kila duka, nisije nikafika porini nikaambiwa ziagizwe. Muuzaji alitikisa kichwa, akasema dada yangu huyu anamharibia biashara, lakini hana neno la kumpinga.

Hivyo ndivyo nilivyoingia dukani nikitaka simba, nikatoka nimewekewa paka kando. Niliacha jina langu na fedha, bunduki ikabaki kwa muuzaji kungoja leseni.

3 na nusu. Alinikataza suruali ya majani-majani. Hili ni dogo ila limenikaa. Alisema swala atainusa harufu ya dawa ya kufulia kabla hajaiona rangi ya suruali, na kwamba ile ya kahawia ninayofanyia kazi inatosha.

4. Alimgeuza mke wangu.

Papa Mwenyekiti, katika jambo hili lote nilikuwa na ngome moja, nayo ni Larissa. Tangu mwanzo alikuwa amesema bunduki haiingii nyumbani mwake. "Nilikimbia hicho kitu nikiwa na mtoto mgongoni," aliniambia, "na wewe unataka kukilaza karibu na sisi?" Nilipaswa kuhuzunika. Lakini nikuambie ukweli wa mwanachama kwa Mwenyekiti: nilikuwa napumzika chini ya kukataa kwake. Watu wakiniuliza, nilisema si mimi, ni mama watoto.

Jumapili moja baada ya ibada Dada Zilpah akaja nyumbani na chapati. Nilijua atahubiri. Nilikwisha kujiandaa kumtetea mke wangu.

Hakuhubiri. Walikula, wakacheka habari za wanafunzi wake, na katikati ya chai akamuuliza, "Mama, ni nini kikiwepo utalala usingizi?"

Larissa aliweka kikombe chini. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo; mimi nilikuwa namuuliza tu kama amekubali. Akasema, "Ikae mahali ambapo hakuna mtu anapita bila mimi kumwona. Risasi zikae mbali nayo. Na isiletwe mezani hata siku moja kuonyeshwa wageni."

Dada Zilpah akasema, "Hiyo yote ni haki yako, na mengi ya hayo hata sheria inataka." Wakainuka wote wawili, wakazunguka nyumba bila mimi, wakachagua ukuta wa stoo nyuma ya magunia ya unga. Sefu likafungwa hapo kwa misumari ya zege. Sasa kila nikitaka kwenda kwenye bunduki yangu, napita jikoni, na napita kwa ruhusa.

Lakini hilo halikutosha. Afisa wa polisi wa leseni alipokuja kukagua sefu na kumhoji mke kama kawaida, alimuuliza Larissa kama anaogopa bunduki kuwa nyumbani. Mimi nilisimama karibu na friji, nikiomba aseme hapana, na wakati huohuo nikiomba aseme ndiyo.

Larissa akamjibu, "Naogopa. Lakini huyu bwana anaogopa kuliko mimi. Ndiyo maana nimekubali."

Afisa alimtazama, akanitazama mimi, akasema katika kazi yake hajawahi kusikia jibu zuri kama hilo. Basi huyo ndiye mke wangu, Papa. Nilikuwa sijui kwamba anajua. Usiku ule hatukuongea juu ya bunduki. Tuliongea juu ya Uvira, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu tufike nchi hii. Kama Kamati inataka kujua hasara niliyoipata, ianzie hapo: nilipoteza ukimya niliokuwa nimeuzoea.

5. Aliniachia bunduki isiyo na kisingizio.

Leseni ilitoka baada ya miezi ya kungoja. Mazoezi alinisimamia yeye mwenyewe mpaka macho yakazoea kubaki wazi. Mwezi wa saba, kama ujuavyo, tukapanda kwenda shamba la kaskazini.

Siku ya kwanza nilimpata swala dume amesimama ubavu, hana habari. Nikafyatua. Nikamkosa. Akaruka, akasimama mbali kidogo, akanitazama kama mteja aliyerudishiwa simu iliyo mbovu vilevile, akaenda zake.

Mchana tulipokusanyika kuchoma nyama, wewe ulikuwepo, kila mtu alieleza aliyemkosa. Ni desturi yetu nzuri. Mmoja alilaumu upepo. Papy alisema darubini yake ilihama kwa sababu ya barabara mbovu. Ikafika zamu yangu, nikafungua kinywa nilaumu bunduki, na sikupata kitu. Asubuhi hiyohiyo ilikuwa imepiga katikati ya karatasi mbele ya watu wote. Upepo haukuwepo upande wetu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni mimi. Niliharakisha."

Utakumbuka, Papa, hakuna aliyegeuza nyama. Nyama iliungua upande mmoja. Kisha Papy, akitazama makaa, akasema, "Mimi pia iko vile. Ile yangu inaniumiza. Nafumba macho."

Papy. Tumemheshimu miaka yote hii kwa ajili ya ule mlio. Baada yake mwingine akasema haoni vizuri jioni, mwingine akasema yule tandala, kudu wake wa mwaka juzi, alikuwa amekwisha kuumia mguu tangu mwanzo. Kwa mchana mmoja Umoja ulipoteza hadithi zake bora zote. Ukitafuta chanzo, utakuta ni bunduki rahisi isiyo na kasoro, na aliyeichagua.

6. Sikuachiwa kuitumia.

Kesho yake kila mtu alitaka kuijaribu. Na kwa kuwa haipaswi kutumiwa nisipokuwepo, nilizunguka nayo pori zima kama mama anayefuata mtoto kwenye sherehe, kila mtu anamtaka mapajani. Kabla ya saa sita Papy alikuwa ameangusha swala wake kwa risasi moja. Alirudi ananikumbatia, ananipigapiga bega, lilelile alilolipa mateke zamani. Nilimchunia swala huyo, kwa mazoea. Nilikuwa nusu ya kazi nilipokumbuka kwamba sasa nina bunduki.

7. La mwisho.

Jua lilipokuwa linateremka, Dada Zilpah aliichukua bunduki mikononi mwa watu, akanirudishia, akasema, "Twende sisi wawili." Tulikaa nyuma ya kichuguu karibu na maji muda mrefu. Swala wakaja kunywa. Dume mmoja akajitenga.

Niliweka jicho. Nikasubiri mpaka akageuza ubavu. Hakuna aliyeniharakisha. Nilivuta pumzi, nikaitoa nusu.

Alianguka palepale alipokuwa amesimama. Nilimwona wakati wote, Papa. Sikufumba. Nilikwenda nikapiga magoti karibu naye, nikaweka mkono ubavuni, bado ana joto, nikamshukuru, kama baba yangu alivyokuwa akifanya na mitego yake kabla ya wale wengine kuja na bunduki zao. Kwa mara ya kwanza niliishika bunduki na nikamkumbuka baba yangu tu, si wao.

Dada Zilpah alikuwa amesimama mbali, ameangalia upande mwingine. Nalalamika pia juu ya hilo, kwa sababu mtu akikuona unalia unaweza kumkasirikia, lakini akikugeuzia mgongo utamfanya nini?

Kwa sababu hizo zote, naomba Kamati yako tukufu iamue yafuatayo. Dada Zilpah azuiwe kumshauri mwanachama mpya yeyote. Kazi hiyo apewe Papy, ambaye ushauri wake humwachia mtu ndoto zake, hofu zake na visingizio vyake vyote bila kugusa hata kimoja. Bunduki ya kwanza ichaguliwe kwa mlio. Na wake za wanachama wasiulizwe maswali ambayo waume zao hawajawahi kufikiri kuyauliza.

Nisalimie Mama Élisabeth, mwambie ile simu yake iko tayari, ilikuwa maji tu. Wasalimie vijana wa kwaya, na wanachama wote wa Kamati mmoja mmoja, hata yule wa kudu.

Ni mimi mwanachama wako, mwenye bega zima na malalamiko mengi,

Ruphin
Fundi wa Simu, Sydenham

N.B. Papa, nilipokuwa namalizia barua hii, Larissa alikuja na chai akasoma juu ya bega langu. Alifika namba ya nne, akasimama. Nikangoja anikaripie kwa kuyaandika ya nyumbani. Akauliza, "Kozi ya kupata cheti cha bunduki inaanza lini?" Nikamuuliza, ya nani. Akasema, "Yangu. Unafikiri nitabaki hapa na unga?"

Nimempigia simu yule mzee wa Queensburgh. Anasema imeingia .243 nyingine, kitako kifupi, mikwaruzo mingi kuliko yangu. Nimemwambia aiweke kando, asimwonyeshe Papy. Jumamosi tunakwenda kuitazama, na Dada Zilpah ndiye atakayetupeleka, kwa kuwa sisi wawili tukienda peke yetu tutarudi na kitu cha nyati.

Kwa hiyo nakusihi barua hii usiisome mbele ya Kamati kabla ya Jumapili. Na ikiwa umekwisha kuisoma, iambie Kamati iliandikwa na Papy.